Kanda, Rekodi na Utunzi: Albamu ya Leo Nocentelli Iliyongoja Miaka Hamsini

Sauti inayoimba ni ya kijana wa miaka 25 hivi. Santuri yenyewe ilitoka Novemba 2021, na yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya jalada alikuwa ametimiza miaka 75 mwezi Juni mwaka huohuo. Kila ninapomsikilizisha mtu "Another Side" ya Leo Nocentelli, maswali huanza kabla wimbo wa pili haujaingia. Hii kazi ni mpya au ya zamani? Kama ni ya zamani, ilikuwa wapi miaka yote hiyo? Na huyo aliyezikuta kanda sokoni, maana zilikutwa sokoni kweli, ndiye mwenye mali?

Maswali ni matatu, lakini fundo ni moja. Tumezoea kuita "wimbo" vitu vitatu, kanda, rekodi na utunzi, ambavyo sheria na biashara ya muziki huvitenga, na albamu hii inavitenga waziwazi kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Tuanze na mwenyewe.

Nocentelli alizaliwa New Orleans mwaka 1946. Katikati ya miaka ya 1960 alijiunga na Art Neville kwenye kinanda, George Porter Jr. kwenye besi na Joseph Modeliste, maarufu kwa jina la Zigaboo, kwenye drams. Hao wanne ndio The Meters. Riziki yao kubwa ilikuwa kupiga nyuma ya waimbaji waliokuja studio kwa Allen Toussaint, mtunzi, mpiga piano na mpangaji wa muziki aliyekuwa na kampuni ya Sansu pamoja na mshirika wake Marshall Sehorn. Mwaka 1969 wakatoa "Cissy Strut" kwa jina lao wenyewe. Hauna neno hata moja la kuimbwa, nao ukapanda hadi nafasi ya 4 katika chati ya R&B ya Marekani na ya 23 katika chati ya pop.

Mtu aliyekulia kwenye dansi letu akilisikia gitaa la Nocentelli kwa mara ya kwanza huenda akapotea kidogo. Sisi tunaujua mgawanyo wa kazi: solo linapaa, rithim inajaza, besi inashika chini. Nocentelli hatulii mahali pamoja. Anapiga kifungu kifupi cha noti chache, mara nyingi sambamba na besi ya Porter, kisha ananyamaza, na ule ukimya unahesabiwa katika pigo sawasawa na noti zenyewe. Pengine vidole vya mkono wa kushoto huzigusa nyuzi bila kuzikandamiza, zisilie, huku mkono wa kulia ukiendelea kuzikwaruza, na gitaa linageuka kayamba. Modeliste naye hapigi mdundo ulionyooka. Anatawanya mikazo kama wapiga ngoma wa mitaani wa New Orleans, katika yale maandamano ambayo bendi ya matarumbeta hutangulia na umati hufuata nyuma ukicheza, hata watu wakitoka makaburini. Sikiliza tena na tena, utagundua kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanne hao anayepiga kwa wingi. Wanaachiana nafasi.

Gitaa hilo limepita masikioni mwa watu wengi wasiolijua jina lake. Limo katika "Right Place Wrong Time" ya Dr. John ya mwaka 1973, na katika "Lady Marmalade" ya Labelle ya 1974. Baadaye vijana wa hip hop walizikata rekodi za The Meters vipande vipande na kuzijengea nyimbo mpya. Tutalirudia hilo, kwa sababu ndani yake kuna ufunguo wa fundo letu.

Sasa weka "Another Side". Fanki, yaani ule muziki wa pigo na ukimya wa The Meters, haipo, au tuseme imejificha chini ya zulia. Kuna gitaa kavu la nyuzi za nailoni, kuna hadithi ndani ya beti, na kuna mtu anayeimba, jambo ambalo mpiga gitaa huyu hakujulikana nalo. Nyimbo ni kumi, tisa zake mwenyewe. "Riverfront" unahusu kazi ya sulubu kwenye gati za mto Mississippi, habari aliyoipata kwa Aaron Neville, mdogo wake Art, ambaye aliwahi kupakia na kupakua mizigo huko. Aliyezaliwa Mombasa au Tanga hahitaji kuelezwa kazi ya kuli ni nini, na kwangu mimi huo ndio wimbo unaoibeba albamu: unamtazama mtu anayechoka kwa ajili ya mshahara, bila kumhurumia kupita kiasi na bila kumpamba.

Kwa nini mpiga gitaa wa fanki alirekodi nyimbo za namna hii? Lebo ya Josie ya New York, iliyokuwa ikitoa santuri za The Meters, iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na bendi ikabaki bila lebo. Nocentelli alikuwa akiwasikiliza James Taylor na Elton John, waimbaji wa nyimbo za hadithi. Mtu mweusi mwenye gitaa kavu na hadithi za maisha hakuwa kitu kisichosikika wakati huo. Mwaka 1971 Bill Withers alitoa "Just As I Am", iliyosimamiwa na Booker T. Jones, naye akapendwa. Kwa hiyo kati ya 1970 na 1972 Nocentelli aliingia Jazz City, studio ya Cosimo Matassa, fundi aliyemrekodi Fats Domino akiimba "The Fat Man" mwaka 1949 na Little Richard akiimba "Tutti Frutti" mwaka 1955. Toussaint alikaa kwenye piano. Porter alishika besi. Kwenye drams walipokezana Modeliste na James Black, mpigaji wa jazi ambaye wanamuziki wa mji ule wanamheshimu sana.

Nitasema wazi ninachofikiri kuhusu sauti yake. Si sauti ya Withers. Ni sauti ya mtu anayejifunza kuimba mbele ya maikrofoni, na mara mojamoja inapungukiwa pumzi mwishoni mwa mstari. Siioni kasoro. Mpiga gitaa aliyezoea kusema kwa noti nne anaimba vilevile, anasema kidogo na kuondoka. Na wale wenzake wanaompigia wanajizuia kwa upendo. Porter na Modeliste, ambao wangeweza kuipindua nyumba, wanatembea kwa ncha za vidole.

Kisha kazi ikamwita. Mwaka 1972 The Meters walipata mkataba na Reprise, kampuni iliyokuwa chini ya Warner, wakatoa "Cabbage Alley", na miaka miwili baadaye "Rejuvenation", ambayo wengi tunaiweka juu ya zote. Wakazunguka na Rolling Stones katikati ya muongo ule. Kufikia 1977 bendi ilikuwa imevunjika. Kanda za gitaa kavu zilibaki kwenye maboksi. Toussaint na Sehorn walikuwa wamefungua studio yao, Sea-Saint, mwaka 1973 katika mtaa wa Gentilly, na kazi nyingi zilizowapitia zikahifadhiwa huko.

Hapa inafaa kueleza kanda ya studio ni kitu gani, maana kizazi kilichozaliwa na simu mkononi hakijawahi kuibeba. Ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Kwa mwendo uliozoeleka studio, karibu sentimita 38 kwa sekunde, reli moja kubwa, yaani gurudumu la kuzungushia utepe, yenye mita zipatazo 760 inakwisha kwa dakika 33 tu. Haikuwa bidhaa rahisi, na studio nyingi zilirekodi kazi mpya juu ya kazi ya zamani ili kuokoa fedha. Adui yake ni joto na unyevu. Baadhi ya kanda zinapokaa miaka mingi gundi yake hunyonya maji hewani, zinanata, na ukizipiga ule unga unabaki kwenye mashine pamoja na muziki wako. Mafundi huzitia kwenye tanuri la joto la nyuzi kama 54 za Selsiasi kwa saa kadhaa ili gundi ikauke, kisha wanazinakili upesi kabla hazijaanza kunata tena.

Fikiria basi mali ya namna hiyo ikikaa New Orleans. Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipasua kingo za mifereji na karibu asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Sea-Saint ilizama. Nocentelli aliamini kazi yake imekwenda na mafuriko, na mtu yeyote angeamini hivyo.

Kumbe kanda zilikuwa zimeishia California. Zilikuwa katika chumba cha kukodi cha kuhifadhia mizigo, na kodi ya chumba ilipokoma kulipwa, vitu vikauzwa. Mwaka 2018 mkusanyaji wa santuri na DJ aitwaye Mike Nishita aliyanunua maboksi ya reli hizo kwenye soko la wazi la mitumba huko Torrance, nje kidogo ya Los Angeles. Juu ya maboksi kulikuwa na majina yaliyoandikwa kwa mkono ya wanamuziki ambao msikilizaji yeyote wa muziki wa New Orleans angeyatambua. Moja ya majina hayo lilikuwa la Nocentelli.

Hapo ndipo watu husema: basi bahati ya Nishita, ametajirika, anaweza kutoa albamu. Hapana.

Chukua mfano wa barua. Ukinunua mnadani barua ya mwandishi mashuhuri, karatasi ni yako. Unaweza kuiweka kwenye fremu, kuiuza, kumwachia mwanao. Huwezi kuichapisha kitabu, kwa sababu maneno hayakuhama pamoja na karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya 1976 inalisema hili bila kuzunguka katika kifungu cha 202: kumiliki kitu kilichobeba kazi si kumiliki haki ya kazi yenyewe. Kwa hiyo kanda, lile boksi lililobebwa hadi nyumbani, ni kitu cha kwanza, na peke yake linampa mwenye nalo uwezo mmoja mkubwa: bila yeye hakuna wa kusikiliza. Ni uwezo wa mlangoni. Kufungua ni juu yake, lakini nyumba haikuwa yake.

Kitu cha pili ni rekodi, yaani ule upigaji wa siku ile, vidole vile, pumzi ile, kama vilivyonaswa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999, ile namba 7, imetupa neno zuri la haki za aina hii, hakishiriki, haki zinazokaa jirani na hakimiliki. Nchini Marekani habari ya rekodi za zamani ilikuwa na mkanganyiko wa ajabu. Rekodi zilizonaswa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikulindwa na sheria ya taifa hata kidogo. Kila jimbo lilikuwa na utaratibu wake, na swali dogo kama "redio ya mtandaoni inilipe nini nikipigwa?" lilipata jibu moja California na jingine New York. Kanda za Nocentelli ni za miaka hiyohiyo ya mpakani. Oktoba 2018, mwaka uleule maboksi yaliponunuliwa, ilisainiwa sheria mpya iliyoziingiza rekodi hizo chini ya ulinzi wa taifa. Zile zilizonaswa kuanzia 1957 hadi mpaka ule wa 1972 zitalindwa hadi tarehe 15 Februari 2067. Nocentelli atakuwa na miaka 120.

Ndiyo maana lebo makini za kutoa upya kazi za zamani hutumia muda mrefu zaidi kutafuta watu kuliko kusafisha sauti. Zinamtafuta mpigaji, warithi, kampuni iliyolipia studio, aliyeinunua kampuni hiyo ilipofilisika. Light in the Attic ya Seattle, iliyoitoa "Another Side", imejijengea jina kwa kazi hiyo, na albamu ilitoka mwenyewe akiwa hai, akiisikiliza, akieleza ilivyorekodiwa.

Kitu cha tatu ni utunzi: mkong'osio, yaani melodi, na maneno kabla ya mtu yeyote kuvipiga, vile ambavyo ungeweza kuvitoa kwa mluzi barabarani. Huu ndio unaochanganya zaidi, na ile ahadi yangu ya hip hop na R&B inahusika hapa. Mwaka 2005 mwimbaji Amerie wa Marekani alitamba na "1 Thing". Injini ya wimbo ule, drams na gitaa vinavyokurusha kitini, ni Modeliste na Nocentelli, vimekatwa kutoka rekodi ya The Meters ya "Oh, Calcutta!" ya mwaka 1970. Sasa tazama majina ya watunzi wa "1 Thing": utalikuta la Stanley Walden, mtu ambaye hakupiga hata noti moja katika rekodi ile. Yeye ndiye aliyetunga "Oh, Calcutta!" kwa ajili ya jukwaa, na The Meters waliupiga tu kwa namna yao. Kilichomfanya msikilizaji asimame acheze ni upigaji, lakini kwenye daftari la utunzi wapigaji hawamo.

Najua inauma. Katika fanki, na katika dansi letu pia, kitu ambacho watu wanakipenda mara nyingi si mkong'osio. Ni jinsi mkono ulivyolegea, ni pale drams zilipochelewa kidogo kwa makusudi. Sheria za hakimiliki zilizaliwa wakati muziki ulikuwa ukiuzwa kama karatasi ya noti, na hadi leo hazijui vizuri mahali pa kuliandika pigo. Kwa "Cissy Strut" The Meters walijilinda: majina yote manne yameandikwa kuwa watunzi.

Sisi tunalo fundo hilihili nyumbani. Kwa miongo kadhaa Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya bendi nyingi. Bendi ilifika, ikarekodi, ikaondoka, na kanda zikabaki maktaba, ambayo leo iko chini ya TBC, shirika la utangazaji la taifa. Bendi zilizotaka santuri ziliwahi kufunga safari hadi Nairobi, kulikokuwa na viwanda. Leo mtoto wa mpiga solo wa zamani akisema "nataka nyimbo za baba", swali la kumuuliza kwa upole ni: unataka kipi? Kanda zina mwenyewe kabatini. Rekodi ina mkataba, au haina hata karatasi. Utunzi huenda ni wa baba, huenda ni wa mwimbaji aliyekuja na maneno, huenda umeandikwa kwa jina la kiongozi wa bendi au la bendi nzima, na hapo ndipo anayegawa mrabaha anapoanzia kuuliza nani alipwe. Ni maswali matatu, yana milango mitatu, na nimeona familia zikigombana miaka mingi kwa sababu kila mmoja alikuwa amesimama kwenye mlango wake akidhani nyumba ina mmoja tu. Inawezekana kuyatatua. Bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam, waliopiga soul na fanki kwa Kiswahili na Kiingereza, walirekodi kati ya 1973 na 1976, na mwaka 2016 lebo ya Strut ya London ikazikusanya rekodi zao zote pamoja. Leo kijana wa Kariakoo anaweza kuzisikia kwenye simu.

Je, basi, "Another Side" ni albamu ya uzeeni? Mimi nasema ndiyo, ingawa sauti ni ya kijana. Albamu haizaliwi siku fundi anapobonyeza kitufe cha kurekodi. Inazaliwa inapomfikia mtu wa pili. Mwaka 2018 The Meters walipewa tuzo ya Grammy ya heshima ya maisha, na kwa ulimwengu Nocentelli alikuwa tayari ameshakamilika: mtu wa kifungu kifupi na ukimya. Akiwa na miaka 75 ikabidi tumwandike upya, kwa kazi aliyoifanya kabla sifa zake nyingi hazijaja. Art Neville hakuisikia ikitoka. Alifariki Julai 2019. Toussaint alifariki Novemba 2015 akiwa ziarani Madrid, na Matassa mwaka mmoja kabla yake. Piano ya Toussaint humo ndani ni ya mtu wa miaka thelathini na kitu, anayempisha kijana apite.

Ukiwa na subira, acha santuri ifike wimbo wa mwisho. Ni "Your Song", ambao Elton John aliutoa mwaka 1970 kwa maneno ya Bernie Taupin. Mwaka 2021 kiwango cha kisheria cha Marekani cha kuwalipa watunzi kilikuwa senti 9.1 kwa kila nakala ya wimbo wa kuazima usiozidi dakika tano, na fungu hilo ni la Waingereza wawili walioutunga. Utepe ulitoka kwenye meza ya mitumba Torrance. Na upigaji ni wa kijana wa New Orleans aliyeusikia wimbo ungali mpya, akaupenda, akaenda nao studio na gitaa lake la nyuzi za nailoni.